Regulata ya gesi ya kuchomelea: anzia kwenye mtungi

Wengi wanaoanza kuchomelea kwa gesi hupita hapa. Mtu amenunua mashine ya MIG, yaani ya kuchomelea kwa waya unaosukumwa na mashine, amepata mtungi uliojaa, na ndani ya boksi la mashine amekuta regulata, kifaa cha kushusha presha ya gesi, ambayo nati yake haiingii kwenye vali ya mtungi. Anauliza. Mmoja anamwambia atafute adapta tu. Wa pili anamwambia achukue regulata ya oksijeni, gesi ni gesi. Wa tatu anamwambia "weka kumi na tano", asiseme kumi na tano ya nini. Wote wanamtakia mema, lakini ushauri wao unaweza kumharibia kazi, na mwingine unaweza kumuumiza.

Tatizo huanzia mahali tunapoanza kutazama. Tunachagua regulata kwa kuangalia mashine, wakati kifaa hiki kina uhusiano mdogo sana na mashine. Kazi yake yote iko kwenye mtungi: gesi gani imo ndani, ina presha kiasi gani, na vali yake ina hesi (mikato ya kukazia nati) za namna gani. Ukiyajua hayo matatu, uchaguzi unabaki mwepesi.

Tuanze na maneno. Gesi kinga ni gesi inayotoka kwenye nozeli ya bunduki au tochi na kulifunika eneo linaloyeyuka. Hewa tunayovuta ina nitrojeni kama asilimia 78 na oksijeni kama asilimia 21, na zote mbili ni adui wa chuma kilichoyeyuka. Zikiingia, mshono unatoka na vitundu kama sponji, au unakuwa mkavu na kupasuka baadaye. Kwa TIG, yaani kuchomelea kwa tochi yenye ncha ya tungsteni, kinga ya kawaida ni argoni tupu. Kwa MIG ya chuma cha kawaida hutumika kaboni dioksidi, yaani CO2, au mchanganyiko wa argoni na CO2, mathalani 80 kwa 20. Kwa MIG ya alumini ni argoni tupu tena. Anayetumia waya wenye dawa ndani unaojikinga wenyewe hahitaji mtungi wala regulata.

Presha ni nguvu ambayo gesi inasukumia kuta za chombo chake. Mtiririko ni kiasi cha gesi kinachopita kwa muda fulani, na mafundi huutaja kwa lita kwa dakika. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Maji yanasukuma bomba usiku kucha hata kama koki imefungwa: hiyo ni presha. Ukifungua koki na ndoo ikajaa kwa dakika mbili, huo ni mtiririko. Unaweza kuwa na presha kubwa na mtiririko sifuri. Mshono wako unalindwa na mtiririko. Presha ni njia tu ya kuupata.

Basi regulata ni nini? Ni kifaa kinachopokea presha kubwa ya mtungi na kutoa presha ndogo iliyotulia. Ndani yake kuna kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, kinachosukumwa na springi upande mmoja na gesi upande wa pili. Gesi ikipungua upande wa kutokea, springi inashinda, kiwambo kinasogea na kufungua kijitundu kidogo ili gesi iingie. Gesi ikitosha, inakisukuma kiwambo kirudi na kijitundu kinafunga. Vuta nikuvute hiyo inaendelea muda wote unapochomelea. Ukikaza skrubu ya mbele unaikandamiza springi, kwa hiyo gesi inahitaji nguvu zaidi kuishinda, na presha ya kutokea inapanda.

Mtungi wa argoni uliojaa huwa na presha ya bar 150 hadi 200 (bar ni kipimo cha presha), na ipo mitungi ya bar 300. Tairi la gari dogo huwa na zaidi kidogo ya bar 2. Linganisha hizo namba mbili kisha uelewe kwa nini regulata ya gesi ya kupikia, iliyotengenezwa kwa mtungi wenye bar chache tu, haipaswi kamwe kukaribishwa kwenye mtungi wa argoni, hata kama kuna mtu hodari wa kutengeneza viunganishi.

Geji ya pili inasema nini?

Ukizipanga regulata mezani utaona nyingi zina geji mbili. Ya kwanza, iliyo karibu na mtungi, husoma presha iliyobaki ndani. Ya pili ndiyo inayochanganya watu.

Kwenye regulata za oksijeni na asetilini, geji ya pili husoma presha ya kutokea, kwa bar au kwa psi, kipimo kingine cha presha. Kwa mkataji wa chuma kwa moto, hiyo ndiyo taarifa anayoihitaji. Kwa mtu wa MIG au TIG haimsaidii, maana bar 1 inaweza kutoa lita 5 kwa dakika au lita 30, kutegemea tundu na urefu wa mpira. Haya ndiyo makosa ya yule mshauri wa tatu: kumi na tano inayotakiwa ni lita kwa dakika, na aliyeweka psi 15 hajui ameweka nini.

Kwa gesi kinga unatafuta regulata inayosoma mtiririko, nazo ni aina mbili. Moja ina geji ya mshale iliyoandikwa lita kwa dakika. Nyingine ina bomba la wima lenye kuonyesha ndani, na gololi ndogo inayopanda na kushuka. Wauzaji huzungumza kana kwamba tofauti yao ni sura tu. Hapana, na hapa nataka tukae kidogo.

Ile ya mshale haipimi mtiririko moja kwa moja. Ina kitundu cha kipimo maalumu mahali pa kutokea, na geji inasoma presha iliyo nyuma ya kitundu hicho. Mtengenezaji amefanya hesabu: presha hii kupitia kitundu hiki ni lita 12, presha ile ni lita 15. Hesabu ni sahihi mradi gesi inapita bila kizuizi mbele. Mpira ukikunjika, au nozeli ikijaa matone ya chuma, presha nyuma ya kitundu haibadiliki. Mshale utaendelea kuonyesha lita 15 wakati kwenye mshono hakuna kitu. Hata ukiachia kitufe cha bunduki na gesi ikasimama kabisa, mshale utabaki karibu palepale.

Ya gololi inasema ukweli uliopo. Gesi inapita ikitokea chini na kuiinua gololi. Gesi ikizuiwa, gololi inaanguka. Kitufe kikiachiwa, inaanguka. Mpira ukivuja, bado itapanda, kwa sababu gesi inapita hata kama inapotelea njiani. Hilo haiwezi kukwambia. Sharti lake ni kusimama wima. Ukiifunga imelala upande, namba zake hazina maana. Na bomba lake linavunjika likigongwa, ndiyo maana kwenye kazi za kuhamahama wengi hupendelea ile ya mshale. Kwa karakana iliyotulia, na hasa kwa TIG ambako lita 2 zinaonekana kwenye rangi ya mshono, mimi ningechagua gololi bila kusita. Vyovyote utakavyochagua, kuna kijibomba cha plastiki chenye gololi ndani ambacho huchomekwa kwenye nozeli yenyewe ili kupima kinachotoka mwisho wa safari. Ni kifaa kidogo kinachomaliza mabishano mengi.

Kuna jambo la pili kuhusu gololi. Namba zilizochorwa kwenye bomba zinahusu gesi moja tu, kwa sababu gesi nzito huinua gololi kwa urahisi kuliko nyepesi. Argoni na CO2 zinakaribiana uzito, hivyo ukisoma CO2 kwenye mistari ya argoni unakosea kwa asilimia 5 hivi tu, na mabomba mengi huchorwa mistari ya gesi zote mbili. Heliamu ni habari nyingine: ni nyepesi mara 10 kuliko argoni, na bomba la argoni likionyesha lita 10, heliamu inayopita kweli ni zaidi ya lita 30.

CO2 haifanani na wenzake

Kama kuna mahali watu hupoteza pesa na subira, ni hapa. Argoni ndani ya mtungi ni gesi iliyobanwa. Ukitumia nusu, geji inashuka hadi nusu: bar 200 inakuwa bar 100. Mchanganyiko wa argoni na CO2 nao uko hivyo hivyo. CO2 tupu, kinyume chake, imo ndani kama kimiminika, na gesi iko juu ya kimiminika hicho, sawa na mtungi wa gesi ya kupikia. Presha yake inaamuliwa na joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni kama bar 57, kwenye nyuzi 0 ni kama bar 35. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na nusu vinasoma sawa. Geji ikianza kushuka bila kupanda tena hata mtungi ukipumzika, ujue kimiminika kimeisha na mtungi unaelekea kuisha.

Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba aliuziwa mtungi wa CO2 nusu kwa sababu geji inaonyesha "60 tu" huenda amepewa mtungi uliojaa kabisa. Apime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye bega lake. Toa huo, kinachobaki ni gesi. Kilo 1 ya CO2 hutoa takribani lita 540.

CO2 ina tabia ya pili: inapotoka kuwa kimiminika na kuwa gesi, kisha ikashushwa presha kwa ghafla, inanyonya joto. Mwili wa regulata unapoa, unapata utandu wa barafu kwa nje, na ndani inaweza kufanyika hata barafu kavu, yaani CO2 iliyoganda. Gololi inaanza kucheza, mtiririko unakuja kwa mafungu, na vitundu vinatokea kwenye mshono ambao dakika kumi zilizopita ulikuwa safi. Kwa kazi fupi fupi hutaliona hilo. Kwa kazi ndefu yenye mtiririko mkubwa unahitaji regulata yenye hita ya umeme. Ukiipata, soma volti zake kabla ya kuchomeka. Hita nyingi hutumia volti 36 kutoka kwenye tundu lililo nyuma ya mashine. Ukizipeleka kwenye umeme wa ukutani zinaungua papo hapo. Na usijaribu kuyeyusha barafu hiyo kwa moto wa tochi.

Mtungi wa CO2 usimame wima muda wote. Ukilala, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye regulata. Vivyo hivyo kwa mitungi yenye mrija wa ndani unaofika chini: imetengenezwa makusudi kutoa kimiminika, na haifai kwa kuchomelea.

Kwa nini nati haiingii

Hesi za vali zilifanywa tofauti ili mtu asikosee gesi. Nati isipoingia, mara nyingi mtungi unakwambia jambo la maana.

Kila eneo lina utaratibu wake. Marekani, argoni na michanganyiko yake hutumia kiunganishi kiitwacho CGA 580, na CO2 hutumia CGA 320. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akitumia CO2 akahamia mchanganyiko hukuta regulata yake ya zamani haifungi. Ujerumani, kwa utaratibu wa DIN 477, argoni na CO2 hutumia hesi moja. Uingereza, argoni na oksijeni hushiriki hesi moja na CO2 ina ya kwake. Gesi zinazowaka kama asetilini, palipo na nati, hufungwa kwa kuzungusha upande wa kushoto, na nati yake huwa na mkato kwenye kona zake ili uitambue. Mashine ikitengenezwa nchi moja na mtungi ukajazwa nchi nyingine, kutokufanana ni jambo la kutarajiwa.

Sasa swali la adapta. Adapta hubadilisha umbo la hesi. Haibadilishi uwezo wa regulata. Kama regulata yako imeandikwa kuhimili bar 200 upande wa kuingilia na inafaa kwa gesi hiyo, adapta iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo inakubalika. Kama ni regulata ya CO2 iliyotengenezwa kwa presha ndogo, ukaipeleka kwa adapta kwenye argoni ya bar 200, umeunganisha kitu kisicho na uwezo huo na nguvu inayoweza kuipasua geji usoni pako. Adapta iliyochongwa mtaani usiikubali kabisa. Na hata pale nati inapoingia bila adapta, hiyo bado si ruhusa. Soma maandishi kwenye mwili wa regulata. Tafuta jina la gesi, presha ya juu ya kuingilia, na alama ya kiwango cha ISO 2503, ambacho kinahusu regulata za mitungi ya kuchomelea hadi bar 300.

Regulata ya oksijeni kwenye argoni, je? Mahali ambapo hesi zinafanana itafunga na haitapasuka, maana uwezo wa presha inao. Lakini haitakuonyesha lita, na kosa kubwa zaidi linakuja siku ukiirudisha kwenye oksijeni. Regulata ya oksijeni lazima ibaki safi, bila hata chembe ya mafuta, kwa sababu mafuta hushika moto ndani ya oksijeni yenye presha. Ikishazungukazunguka kwenye kazi nyingine, huwezi tena kuuapia usafi wake. Ya oksijeni ibaki ya oksijeni.

Namba zilizoandikwa kwa lugha tatu

Regulata moja inasoma bar, nyingine psi, nyingine MPa. Bar 1 ni psi 14.5. MPa 1 ni bar 10. Kwa hiyo geji ya MPa inayosimama kwenye 15 haionyeshi mtungi uliokaribia kuisha. Hiyo ni bar 150. Kwenye mtiririko, vifaa vya Marekani huandikwa futi za ujazo kwa saa, na ukitaka lita kwa dakika gawanya kwa 2 na uko karibu sana: 30 ni kama lita 14.

Na lita ngapi? Kwa TIG ya kawaida, 6 hadi 12 hutosha. Kwa MIG, 10 hadi 18 ndani ya chumba kisicho na upepo. Kuna imani kwamba gesi ikiongezwa kinga inaongezeka, na mtu akiona vitundu anafungua zaidi, hadi 25, hadi 30. Gesi ikipita kasi kupita kiasi kwenye nozeli ndogo inavurugika, inazunguka, na kuivuta hewa ya pembeni kuingia nayo. Vitundu vinazidi, fundi anazidisha gesi, na mtungi unaisha. Feni ikikupulizia, isogeze feni au weka kizuizi.

Hesabu ya muda ni nyepesi kwa argoni na mchanganyiko: zidisha ujazo wa mtungi kwa bar. Mtungi wa lita 10 wenye bar 200 una kama lita 2,000 za gesi. Kwa lita 12 kwa dakika, utachomelea kwa takribani saa 2 na dakika 45 za kitufe kilichobonyezwa. Ukiisha mapema kuliko hapo, tafuta uvujaji kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo.

Utasikia pia kuhusu regulata ya hatua moja na ya hatua mbili. Ya hatua mbili hushusha presha mara mbili, hivyo mtiririko hausogei kadiri mtungi unavyopungua. Ya hatua moja husogea kidogo, na unarekebisha kwa mkono. Kama huchomelei mabomba ya kiwanda au kazi ya kukaguliwa kwa eksirei, hatua moja inatosha. Pesa inayobaki ipeleke kwenye ubora wa hiyo moja.

Siku ya kuifunga

Mtungi ufungwe kwa mnyororo kwanza. Fungua vali kwa sekunde moja ili ipulize vumbi, kisha funga. Kagua sehemu ya kukutania: kama kuna washa (pete ya kuzibia), iwe nzima, kama ni chuma kwa chuma, iwe safi. Usizungushe tepi nyeupe ya mabomba ya maji wala kupaka grisi. Kiungo hiki huziba kwa nyuso zinazokutana, hesi ni za kukaza tu, na vipande vya tepi huishia kwenye kile kijitundu kidogo ndani ya regulata.

Legeza skrubu ya regulata hadi iwe huru. Simama pembeni, si mbele ya geji, fungua vali ya mtungi polepole. Baada ya hapo ndipo ukaze skrubu au ufungue kitasa cha gololi huku kitufe cha bunduki kimebonyezwa na roli inayosukuma waya imelegezwa ili waya usitoke, maana mtiririko hupimwa gesi ikipita. Mwanzo wa kila mshono utasikia mlipuko mdogo wa gesi: ni ile iliyojikusanya kwenye mpira ulipokuwa umepumzika. Mpira mfupi na mwembamba hupunguza upotevu huo.

Kama regulata ni ya mtumba, ifanyie jaribio moja kabla ya kuiamini, na ni lazima iwe na geji ya presha au ya mshale upande wa kutokea. Weka mtiririko, kisha achia kitufe na usubiri dakika tano ukitazama geji ya pili. Itapanda kidogo na kutulia. Ikiendelea kupanda taratibu bila kusimama, kile kijitundu hakifungi tena na presha ya mtungi inapenya kuelekea kwenye mpira. Funga vali ya mtungi, itoe regulata kwenye mtungi, uiweke pembeni. Irudi kazini tu ikishatengenezwa na mtu mwenye vipuri halisi. Na kama unafanyia kazi haya yote kwenye chumba kidogo au shimo, acha mlango wazi: argoni na CO2 ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na argoni haina harufu wala rangi ya kukuonya kwamba oksijeni imepungua.